Lorna Hnatiuk na Buti Ambazo Hazikuonekana

Lorna Hnatiuk anastaafu tarehe 30 Mei, baada ya miaka thelathini na mitatu katika ofisi ya ustawi wa jamii ya mkoa hapa Tamarack, kaskazini mwa Kanada. Katika muda huo idara yetu imebadilishiwa jina mara tano. Lorna amepokea simu kwa lile jina la kwanza la idara hadi juzi, na hakuna mteja aliyelalamika. Kibao chenye jina la tatu kiko kwenye kibanda chake cha kuvulia samaki ziwani, kinakinga upepo.

Alianza mapokezi, akasoma kwa njia ya posta, akawa afisa wa watoto na familia. Akiwa nahodha wa timu yetu ya ule mchezo wa kusukuma mawe kwenye barafu, tulishindwa na timu ya polisi kila msimu. Kahawa yake tuliivumilia.

Jambo moja makao makuu hawakumweza: viatu. Ulikuja waraka kwamba afisa asivue viatu nyumbani kwa mteja, ili ikibidi atimue mbio. Lorna aliubandika ukutani, akaendelea kuvua buti mlangoni kwa watu. Huku kwetu anayeingia sebuleni na viatu ama ni polisi, ama nyumba inaungua.

"Mbwa akikufukuza utakimbia na soksi, wewe?" nilimtania siku moja.

"Nimeshakimbia nazo," alisema. "Na mbwa alichoka kwanza."

Nyumba iliyompa sifa ni ya Bibi Philomene Durocher. Majira ya baridi ya mwaka mmoja, zamani, bibi huyo alikuwa akilea wajukuu wawili, Corinne na Wesley, mama yao akiwa amelazwa hospitali. Idara ilitaka kujua kama atawaweza. Alitumwa Graham, mwenzetu mpya kutoka makao makuu, mtu mwadilifu mwenye mwandiko mzuri. Graham alikata theluji iliyomfika mapajani, akagonga mlango wa mbele, akangoja, akagonga tena, kisha akaandika kwamba bibi amekataa kufungua.

Kila mtu Tamarack anajua kwamba mlango wa mbele hauna kazi mpaka theluji iyeyuke. Huzibwa kwa blanketi na nailoni, na wageni hupita nyuma. Lakini maandishi ni maandishi. Ikaamuliwa watoto wachukuliwe Ijumaa, wapelekwe kwa familia ya kulea, mbali kusini. Lorna akaomba atangulie yeye. Akapita nyuma.

"Afadhali wewe unajua mlango ulipo," bibi alimwambia. "Juzi kuna mtu kagonga ukuta mpaka nikamwonea huruma. Nampigia kelele apite nyuma, yeye anaandika tu! Haya, vua buti, mwanangu, chai ipo."

Lorna alipanga kukaa kidogo. Alipoinuka, buti hazipo, na nje baridi ilikuwa ya kukata masikio. Basi akakaa. Akaona supu ya nyama pori ikipakuliwa, Wesley akigombezwa kwa kutonawa mikono, Corinne akisukwa nywele magotini kwa bibi yake huku anasinzia. Hatimaye akarudi ofisini amevaa buti za marehemu mume wa bibi, akaandika kwamba watoto wasiguswe. Hawakuguswa. Mkuu alipouliza kwa nini ziara fupi imemeza mchana mzima, Lorna alijibu kwa maandishi: "Buti hazikuonekana." Jibu hilo bado liko kwenye jalada.

Wiki iliyopita tulimwandalia chai ya kumuaga. Corinne alikuja, sasa mama mzima mwenye duka la vipuri. Alisimama mbele ya watu wote.

"Shangazi, nilizificha mimi," alisema. "Nyuma ya lile blanketi la mlango wa mbele. Nilidhani serikali haiwezi kutuchukua ikiwa pekupeku."

Tulicheka hadi Graham akamwaga chai yake. Lorna hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Nilikuona ukizibeba," alisema.

Lorna, pengo lako tutaliona, na mimi nitaliona zaidi ya wote. Tunakuombea afya, samaki wakubwa na magoti yasiyouma. Asante kwa kazi uliyoifanya, na kwa yale uliyoyaona usiyaandike.