Tumainieli Mshana na Uwanja wa Kwamrutu

Ndugu yetu Tumainieli Mshana, mzaliwa wa Mhezi, ameutumikia uwanja wa ndege wa kambi yetu ya Kwamrutu miaka thelathini na minane, tangu Julai 1987 hadi leo anapostaafu, tarehe 30 Juni 2025. Aliyempokea getini ni mimi. Aliyemfundisha kazi ni mimi, kwa hiyo akisifiwa mjue sifa zimetoka wapi. Jalada lake ni safi kama sahani ya mgeni, isipokuwa barua moja ya onyo. Barua hiyo ndiyo iliyonifanya niombe kuandika mimi, siyo vijana wa ofisini.

Enzi zile ilikuwa kambi hasa. Ndege za jeshi zilishuka na mizigo, askari walijaa mabwenini, na sufuria la maharage mtu mzima angeweza kuogea ndani. Tumainieli aliajiriwa kama raia, kazi yake kuutembea uwanja. Kila asubuhi kabla ya chai watu kumi na wawili walijipanga mstari mmoja, wakaenda toka ncha hadi ncha wakiokota jiwe, mfupa, msumari, chochote kinachoweza kuingia kwenye injini.

Mwaka 1998 kikosi kikahamishwa. Tukabaki watano na mbuzi wa jirani. Miaka saba haikutua ndege hata moja. Sisi wengine tulikaa kivulini, mimi nikiwa na geti la kulinda, lakini Tumainieli aliendelea kuutembea uwanja peke yake, anakwenda anarudi, mpaka afidie mstari wa watu kumi na wawili. Mkewe Rogathe alilalamika kwamba hata shamba la tangawizi hakulitazama hivyo. Watu wa Same mjini walimwita mfagia upepo. Yeye alicheka tu, akawaomba wasilete ng'ombe wao kwenye uwanja wake.

Mwaka 2005 ikaja habari kwamba kambi itafungwa, labda mkaguzi atue mwenyewe na aridhike. Sasa, ule mfuko mrefu wa kitambaa unaoning'inia mlingotini, unaomwonyesha rubani upepo unatoka wapi, ulikuwa umechakaa. Tumainieli akakabidhiwa kitambaa kipya. Nami nilikuwa nakwenda mjini, nikajitolea kukipeleka kwa Sefu, fundi cherehani. Nilimpa na ule mfuko wa zamani auigize, ulio wazi huku na huku. Nimefunga magunia ya tangawizi tangu sijaota ndevu, sijapata kuona mfuko usio na kitako. Nikamwamuru Sefu aufunge ule mpya kitako, tena kwa uzi mara mbili.

Siku ya ukaguzi tukaupandisha. Upepo wa Same mnaujua, haupigi hodi. Mfuko ulivimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi, ukapasuka, ukarukia kwenye miiba. Ndege ilikuwa tayari juu yetu, inazunguka. Wakati sisi tunatazamana, Tumainieli alikimbia mwisho wa uwanja na mzigo wa nyasi, akawasha, akatupia na mbichi juu. Moshi ukalala kuelekea Mkomazi. Rubani akauona, akageuza, akatua vizuri.

Meja Muhidin, mkaguzi, aliutembea uwanja wote asipate hata jiwe la kumtupia kunguru. Kisha akaokota kile kitambaa.

“Nani ameshona mto wa kulalia akautundika mlingotini?”

Mimi nilikuwa natazama milima.

“Kosa langu, afande,” Tumainieli akasema. “Kitambaa nilikabidhiwa mimi.”

Kambi ikapona. Yeye akapata barua, na kwa barua hiyo akakosa cheo mwaka ule na uliofuata. Nilipomuuliza kwa nini alinikinga, hakuona haya kunijibu.

“Kaka Eliufoo, wewe ungebishana na afande mpaka apande ndege yake arudi. Tungefungiwa.”

Nilibisha hata hilo.

Leo hapa zinatua ndege za kuhesabu tembo, na za kupulizia dawa kwelea kwelea wanaomaliza mpunga wa Ndungu. Mwaka jana Yasmini, binti wa muuza vitenge, aliruka kutoka uwanja huu akiwa na uchungu wa siku mbili, akarudi na mapacha. Bila yule mfagia upepo, sijui angerukia wapi.

Basi naandika kwa mkono wangu, jambo ambalo sijapata kuandika wala sitarudia: mfuko niliufunga mimi. Ofisi iitoe barua ile jaladani mwake, na kama ni lazima ibaki barua, iwe na jina langu.

Tumainieli, kambi nzima inakushukuru. Nenda Mhezi, upate afya, mavuno, na usingizi mpaka jua liwe juu ya mgomba. Na hapa ukumbini wakikuuliza kama niliyoandika ni kweli, ndugu yangu, mara hii usinikinge.

Eliufoo Kisamo, mlinzi mstaafu wa geti