Mama Dorothée, Aliyekata Sabuni Akisalimia Watu

Sogeeni karibu na redio, wasikilizaji wapendwa. Ninyi wa Kasongo, ninyi wa Nyangwe, ninyi wa Kabambare, na ninyi wa Wamaza mnaotupata siku mawimbi yakikubali. Kama sufuria iko motoni, punguzeni moto kidogo. Jioni hii tunamkumbuka Mama Dorothée Lwamba, mtengeneza sabuni ya mawese hapa Kasongo. Alitutoka mwezi uliopita. Tunamkumbuka, na mimi nina swali juu yake.

Swali langu ni hili. Wamaza kuna sabuni. Iko dukani, imefungwa kwa karatasi yenye rangi, mtu ananyoosha mkono anaipata. Kwa nini basi watu wa Wamaza walikuwa wanangoja sabuni ya Mama Dorothée kutoka Kasongo? Sabuni iliyokuja kwa pikipiki, ikapita matope, ikafika na vumbi la njia nzima? Nimewauliza watu waliomjua. Nitawaambia walichonijibu.

Dorothée Lwamba alizaliwa katika familia ya wakulima, kijiji cha barabara ya Nyangwe. Shule aliiacha akiwa mdogo, ili alee wadogo zake. Aliolewa Kasongo. Mumewe alikufa wakati binti yao, Estelle, hajaanza hata kusoma. Kazi ya sabuni Mama aliifundishwa na masista wa parokia: mafuta ya mawese, soda kali ya kutengenezea sabuni, maji, na subira ya kukoroga bila kuacha. Alikuwa anatengeneza nyuma ya nyumba, ndani ya pipa lililokatwa katikati, pamoja na rafiki yake Mama Olga, mjane kama yeye. Sabuni hiyo ndiyo iliyowalisha.

Halafu sabuni za duka zikajaa sokoni. Nyeupe, zenye harufu ya maua. Ile ya Mama Dorothée ilikuwa ya rangi ya udongo, na harufu yake ilikuwa ya mawese. Ikaanza kulala chini ya meza. Mama Olga ananieleza: «Nilimwambia, Doro, tuzime moto. Turudi shamba, mihogo haihitaji mteja. Akanijibu, ngoja mvua zikatike. Kama zitakatika na sabuni bado iko pale, tutazima.»

Basi hilo ndilo lililokuwa mbele yake, wasikilizaji wapendwa. Mvua zikikatika kabla sabuni haijapata watu, moto unazimwa.

Wakati huo parokia ilikuwa na masomo ya jioni kwa watu wazima. Mwalimu Hervé alifundisha kusoma na kuandika, kisha akaongeza somo jipya: namna ya kuonyesha biashara yako kwa video za simu. Nilikuwa katika darasa hilo. Mama Dorothée alikaa mbele, na alikuwa mkubwa kuliko sisi wote. Tulikuwa tunaanza kwa sala, na yeye ndiye alikuwa anachelewa kufumbua macho. Lakini akishafumbua, ni maswali.

«Mwalimu, huyu mutu ananiangalia ndani ya simu, iko wapi?»

«Hayuko, Mama. Ataangalia kesho, ao kesho kutwa.»

«Sasa kama hayuko, nasalimia nani?»

«Yeyote atakayefungua.»

«Yeyote,» akasema Mama, kama mtu aliyepewa kazi kubwa. «Bon. Nitawasalimia wote.»

Na aliwasalimia wote. Video yake ya kwanza alikaa kwenye kiti, amevaa kitenge cha Jumapili, Estelle ameshika simu. Akaanza. Jambo Mama Régina wa soko la mboga. Jambo Papa wa kinu, mguu umepona? Jambo Hawa wa Kabambare, na yule mutoto alikuwa na homa? Akapita mtaa kwa mtaa. Akasalimia kwaya. Akasalimia wagonjwa. Sabuni ilikuwa nyuma ya mgongo wake, na mgongo wa Mama Dorothée haukuwa mwembamba.

Majibu yakaja. Hawa wa Kabambare aliandika: «Mama, asante kwa salamu, mutoto amepona. Lakini mega yangu imeishia ku salamu. Unauza nini?»

Mnajua mambo ya mega, wasikilizaji. Mtu ananunua mtandao kidogo, wa siku moja. Video ikichelewa kusema neno lake, mega inakwisha na neno hajalisikia. Mwalimu Hervé alimwambia wazi, mbele yetu: Mama, anza na sabuni. Mtu aone sabuni kabla ya kitu kingine. Salamu ziache, au ziwe neno moja tu.

Estelle ananisimulia: «Siku ile Mama alirudi nyumbani amekasirika. Hakula. Akasema, Mwalimu anataka niingie ndani ya nyumba za watu bila hodi. Nikamwambia, Mama, hii ni biashara. Akaniuliza, na biashara inafanywa na mbuzi?»

Mama Dorothée aliipeleka shida hiyo kwenye sala. Aliniambia mwenyewe kwamba hakuomba wateja. Aliomba aonyeshwe namna ya kumtii mwalimu bila kuwadharau watu.

Asubuhi moja akamwita Estelle. Akamwambia asishike simu, aitundike kwenye mti wa paa kwa kamba, iangalie chini kwenye meza. Akaweka pande kubwa la sabuni, likiwa bado laini. Akachukua waya wa kukatia. Kisha akaanza kukata, na wakati huohuo akaanza kusalimia.

Hapo mikono inakata sabuni tangu mwanzo, mtu anaiona. Na sauti inasema jambo Mama Régina, jambo Hawa. Uso haumo. Kitenge cha Jumapili hakimo. Kila salamu, kipande kimoja kinaanguka upande. Video fupi. Mwisho anasema: «Hii ni sabuni ya mawese ya Dorothée na Olga, Kasongo. Inafua, inaogesha. Mungu awalinde.»

Mwalimu Hervé aliitazama darasani mara mbili. Akasema, «Mama, hapa umenishinda na pia umenitii.» Mama akasema, «Nilikutii tu, Mwalimu. Usiongeze.»

Makosa mengine alifanya kama sisi sote. Wiki nzima video zake zilikuwa na ukungu, watu wakauliza kama nyumba inaungua. Ilikuwa ni mafuta ya mawese ya vidole vyake kwenye jicho la kamera. Akajifunza kulipangusa kwa kitambaa kikavu. Mvua ikipiga mabati hasikiki, basi akajifunza kupiga video kabla ya mawingu. Mtu akiuliza neno, alimjibu siku hiyo hiyo, hata kama ni kwa kumwomba Estelle amwandikie. Na kwa vijiji visivyo na mtandao, video zilisafiri na wamotari. Dereva wa pikipiki aliichukua kwenye simu yake hapa Kasongo, akaifikisha Kabambare, akaipitisha kwa simu ya mwingine kule wanakokunywa chai.

Ndivyo ilivyofika Wamaza. Na hapa narudi kwenye swali langu.

Wamaza kuna wachimbaji wa dhahabu na wachuuzi waliotoka mbali. Mmoja wao anaitwa Cirhuza. Alitoka upande wa Walungu, Kivu ya Kusini. Anauza chumvi, betri na sukari karibu na machimbo. Nilimpata kwa simu. Sauti ilikatika mara nyingi, lakini nilielewa.

Cirhuza alisema: «Niliona ile video kwa simu ya motari. Motari akanipa namba ya Mama, nikaandika, bei gani? Hivyo tu. Akanijibu, jambo mwanangu, unaitwa nani, umetoka wapi? Nikasema, huyu mama iko na shida gani? Mimi nauliza bei, yeye anauliza ukoo.»

Lakini alijibu. Wiki iliyofuata, video mpya ilifika Wamaza. Mikono inakata. Sauti inasema: «Jambo Cirhuza wa Wamaza, uliyetoka Walungu. Umeamka? Na mama yako kule, anakusikia?»

«Niliirudia,» Cirhuza akasema. «Nikawaonyesha wenzangu. Wakacheka, wakasema, una mama mupya. Lakini kesho yake kila mmoja alikuja pembeni, pole pole, akaniambia: mutumie na jina langu.»

Nikamuuliza kama watu walinunua sabuni ili watajwe tu. Akajibu:

«Hapana. Sabuni ni nzuri, inakaa, haiyeyuki haraka. Lakini tuseme kweli, papa. Ile ya duka inatoa povu mingi kuliko ya Mama. Tu, ile ya duka haijui kama niko hapa. Watu wa hapa wananiita wewe wa machimbo. Miaka yote niko hapa, hakuna mutu alisema Cirhuza umeamka.»

Hilo ndilo jibu nililopewa, wasikilizaji wapendwa. Watu wa Wamaza walingoja sabuni ya Kasongo kwa sababu ilifika pamoja na majina yao.

Nilitaka pia kujua alivyokumbuka majina hayo yote, maana hakuwa na mahali alipoyaandika. Estelle alinijibu. Kila alfajiri Mama alipiga magoti, akawaombea wateja mmoja mmoja. Hawa na mtoto wake. Cirhuza na mama yake. Alikuwa anasema, «Jina nikilitaja mbele ya Mungu asubuhi, mchana haliniponyoki.» Salamu za video zilikuwa zimeshasemwa kwanza pale kwenye mkeka.

Mvua zilikatika, na chini ya meza hapakuwa na sabuni. Mama Olga hakurudi shamba. «Nilirudi,» ananisahihisha, «lakini kutafuta mawese.»

Mwezi uliopita Mama Dorothée alishikwa na kifua. Tulifikiri ni moshi wa kazi. Alilazwa, akazidiwa, akatutoka akiwa na Estelle pembeni. Tulimzika Kasongo. Parokia ilijaa, na wamotari walikuja na pikipiki zimezimwa, wanazisukuma.

Baada ya mazishi, ukoo ulikaa. Papa Magloire, shemeji wa marehemu, alisema jambo ambalo wengi walikuwa wanalifikiri. «Ile simu ifungwe. Aliyekufa hauzi. Na huyu mutoto hawezi kushika kazi ile, hata kuongea mbele ya watu hawezi.» Hakusema kwa ubaya. Papa Magloire analia akimtaja marehemu.

Na Estelle ni kweli, ni mtu wa kunyamaza. Aliniambia: «Mama aliwajua watu. Mimi nawajua kwa kuwaandikia tu. Nikifungua mdomo, watamtafuta yeye. Na Mama Olga ananiangalia mimi. Nilijua, kama nikikataa, moto unazimika safari hii kweli.»

Alimwomba Papa Magloire siku moja tu ya kujaribu. Papa akakubali.

Wakapika sabuni, Estelle na Mama Olga. Ilipokuwa tayari kukatwa, Estelle akaitundika simu. Akapangusa jicho lake. Akashika waya. Akakata kipande cha kwanza, akafungua mdomo, na sauti haikutoka. Akakata cha pili. Cha tatu. Alikata pande lote bila neno. Katika video hiyo unasikia waya, na kuku, na pumzi ya mtu anayejizuia kulia. Basi.

Mama Olga akamwambia, «Itume hivyo.» Akaituma.

Mimi nimesikia yaliyorudi. Estelle alinipa simu, akatoka nje. Majibu yalirudi kwa sauti. Hawa wa Kabambare: «Jambo Estelle, binti wa Dorothée, umeamka? Umekula?» Mama Régina wa soko la mboga: «Jambo Estelle. Jambo Olga. Muko wawili, hamuko peke yenu.» Sauti za wanaume nisiowajua, kutoka machimbo, kila mmoja anasema jina lake kwanza, halafu jina la Estelle. Zilikuja kutwa nzima. Zile za mahali pasipo mtandao, motari mmoja alizikusanya njiani akazileta mwenyewe mpaka mlangoni.

Na Cirhuza. Yeye alisema: «Jambo Estelle. Miye sijui kusema. Umeamka? Tunangoja sabuni. Na kama huwezi kusema, kata tu, siye tutasalimia.»

Papa Magloire alizisikiliza zote, amekaa kwenye kiti cha marehemu. Alipomaliza alimrudishia Estelle simu. Akamwuliza kama kuna kuni za kutosha.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Estelle, kwa Mama Olga, kwa Papa Magloire na ukoo wote wa Lwamba, redio hii inawapa pole. Pole kutoka Kasongo, pole kutoka Kabambare na Wamaza. Mungu ampokee Mama Dorothée, na awape ninyi nguvu ya kazi na faraja ya moyo.

Na sisi tunaobaki. Wengi wenu mmeniandikia mkiuliza namna ya kuanza, simu gani inafaa, video iwe ya urefu gani. Ni maswali mazuri, na darasa la jioni la parokia bado liko wazi. Lakini usiku huu, kabla ya kulala, tumfikirie mtu mmoja. Yule anayetuuzia chumvi. Yule anayetubebea maji. Yule aliyetoka mbali na amejenga karibu na kwetu. Kama hatujui anaitwa nani, kesho asubuhi tukamwulize. Kisha tumwombee kwa jina hilo.