Mzee Nukta Anaweka Simu Chini

Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, saa za kazi zitakapokwisha, Mzee Nukta atakuwa ametimiza miaka ishirini na tisa katika kampuni yetu ya kutunza lifti, na atastaafu. Miaka michache ya mwanzo alikuwa fundi. Iliyobaki yote ameikalia kwenye kiti kimoja, katika chumba cha simu, akiwapokea watu waliokwama.

Alianza kama fundi msaidizi, yaani mbeba sanduku la vifaa. Wenzake wa wakati huo wanasema alikuwa mtu wa haraka, na haraka hiyo ndiyo iliyomtia kwenye shimo la lifti siku aliyokanyaga ngazi iliyomwagikiwa mafuta. Goti halikurudi kuwa goti. Uongozi ukampa kiti na simu, naye akavipokea kwa uso wa mtu aliyepewa adhabu. Mwaka haukuisha kabla ya kampuni kugundua kwamba ilikuwa imepoteza fundi wa kawaida na kupata mpokeaji simu wa aina yake.

Sauti yake ni nzito na haina pupa hata kidogo; pupa yote iliishia shimoni. Mtu akibonyeza kitufe cha dharura huwa anataka kujua mambo mawili: fundi yuko wapi, na kama ameachwa peke yake. La kwanza Mzee hulijibu hapo hapo. La pili halijibu kwa maneno, hubaki tu kwenye laini. Kisha humwuliza mtu siku ya leo alikuwa ameipangaje, tangu asubuhi, jambo moja baada ya jingine, na anayoambiwa huyaandika. Mama mmoja alimtajia shughuli zake kwa kilio kitupu: mtoto wa kuchukuliwa shuleni, nguo iliyoko kwa fundi cherehani, dawa ya mkwewe. Mlango ulipofunguliwa, mlinzi wa shule alikuwa ameshaambiwa amkalishe mtoto kivulini, na fundi cherehani ameshaombwa asifunge mapema. Dawa tu ndiyo Mzee aliyoshindwa kuinunua kwa simu.

Lakini jina la Nukta halikutokana na lifti. Zamani aliitwa Kompyuta, kwa sababu hakuandika kitu. Majengo, funguo, zamu za mafundi, yote aliyaweka kichwani, na alikuwa akijivuna kwa hilo. Siri ya kichwa hicho, kama anavyosema mwenyewe, ilikuwa ni kichwa cha pili nyumbani. Mkewe ndiye aliyekumbuka kila kisichohusu lifti: kodi ya pango, mafuta ya goti, jina la mtoto wa jirani, siku ya kukinga maji. Mume alibaki na nafasi tele ya kukumbuka kazi.

Mkewe alifariki baada ya ugonjwa mfupi, na vichwa vyote viwili vikaondoka siku moja. Mzee alikuja kazini na viatu visivyofanana. Aliacha bomba wazi, maji yakafika mpaka kwa jirani. Akajaribu vikaratasi. Alivibandika mezani, kwenye simu, kwenye fremu ya dirisha, na feni ya chumba cha simu, ambayo haijawahi kumheshimu mtu, ikavipeperusha vyote. Ndivyo ilivyotokea asubuhi moja mafundi watatu wakatumwa jengo moja, ambalo lifti yake ilikuwa nzima. Kila anayefanya kazi hapa anajua kwamba lifti uliyoitiwa huipandi mpaka uikague. Basi kila mmoja, kwa wakati wake, alipanda ngazi mpaka chumba cha mtambo juu ya paa, na huko wakakutana wote watatu wakihema. Fundi mkuu, ambaye alikuwa mmoja wao, alipiga simu chini kuuliza kama ni kikao, na kama ni kikao, chai iko wapi.

Mkasa huo husimuliwa kila anapoajiriwa mtu mpya, na bado unachekesha. Kinachosahaulika ni kwamba Mzee hakucheka. Aliwaomba radhi mmoja mmoja, kisha akakaa akiutazama ukuta wenye ramani ya majengo, na mchana kutwa hakuongea ila na waliokwama.

Mwokozi wake alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye siku hizo alikuwa bado hajahamishiwa mbali. Alimletea daftari ambalo kurasa zake hazikuwa na mistari, zilikuwa na nukta ndogo ndogo tu. Mzee aliliangalia, akasema kiwanda kimeishiwa wino, lirudishwe dukani. Mpwa akamkalisha. Akamwonyesha kwamba kurasa za mwanzo ni faharasa, na kila ukurasa hupewa namba, ili kitu ulichoandika usikitafute kama sindano. Kazi ya kufanya hupewa nukta. Ikiisha, nukta inachorwa msalaba juu yake. Isipoisha, unaiwekea mshale na kuihamishia siku nyingine au mwezi ujao. Miadi hupewa duara, na jambo la kukumbuka tu hupewa kistari. Basi. Mzee aliuliza mara mbili kama hakuna zaidi ya hapo, akionekana kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Wiki ya kwanza aliandika kila kitu, hata "kula". Wiki ya pili akaacha "kula", akabakiza "mafuta ya goti". Mwezi wa pili viatu vikafanana.

Tangu hapo amejaza madaftari yanayojaza rafu nzima, na hakuna hata moja linalopendeza. Wenzetu wa mapokezi walipoanza ya kwao, kwa kalamu za rangi na maua pembeni, aliwaambia kwamba daftari likirembwa sana utaogopa kulichafua, na daftari unaloliogopa halikusaidii. Yeye hutumia kalamu moja ya buluu. Akikosea hukata mstari mmoja, hachani ukurasa. Kila jioni, kabla ya kuvaa koti, huisoma siku yake yote, anaweka misalaba, anahamisha yaliyobaki, halafu ndipo anazima taa. Siku akizidiwa na kuruka ukurasa, hajilaumu wala harudi nyuma kuujaza. Huandika tarehe mpya na kuendelea. Wengi wetu tuliokuwa tukianza madaftari na kuyatupa tulinusurika kwa neno hilo moja.

Maana hatimaye tulimwiga. Fundi mkuu, aliyemdhihaki kuliko wote na ndiye aliyembatiza jina la Nukta, alikuja siku moja na daftari jipya akitaka asionekane. Kazi yake ya kwanza aliyoiandika, kwa kalamu ya kuazima, ilikuwa "kununua kalamu". Kanuni ya Mzee inayorudiwa zaidi karakanani ni hii: kazi ukiihamisha mara tatu, iulize kama ni yako. Kama ni yako, ifanye leo. Kama si yako, ifute bila haya. Fundi mmoja mrefu alikuwa akihamisha "kuzungumza na baba yake" mwezi hadi mwezi, na baba mwenyewe si wake, ni wa binti aliyempenda. Mzee alimkabidhi kalamu, akamwambia afute au aende. Leo fundi huyo ana watoto wawili, na mkubwa ana nukta zake ukutani, kwa makaa.

Sehemu inayofuata Mzee ameisoma mwenyewe kabla ya wasifu huu kuchapishwa. Katika rasimu hii alifuta aya mbili zilizomsifu kupita kiasi. Hii aliiacha.

Nilipoajiriwa kujifunza kazi yake, nilipewa zamu ya mwisho wa wiki. Kila Jumapili asubuhi simu ya kawaida ya ofisi ililia, na alikuwa Mzee, siku yake ya mapumziko. Aliuliza kama lifti ya jengo la vioo imetulia. Aliuliza kama huku mvua imenyesha. Akashukuru, akakata. Niliamini ananichunguza. Nilimlalamikia fundi mkuu, naye akacheka, akasema mzee anakukagua, mwanangu, vumilia.

Baadaye Mzee alikuwa akinifundisha kupanga ukurasa wa wiki, daftari lake likiwa wazi katikati yetu. Chini ya Jumamosi na chini ya Jumapili palikuwa na nukta moja moja, na maneno yale yale: "Kuongea na mtu." Niligeuza ukurasa wa nyuma yake, na wa nyuma zaidi. Aliniona nikisoma na hakuufunika. Alinieleza kama anavyoeleza hitilafu ya mlango. Miezi ile ya kwanza ya ujane, Jumatatu moja, aliinua simu na sauti haikutoka. Aliyekwama akadhani laini imekatika, akaanza kupiga kelele. Hapo ndipo Mzee alipotambua kwamba tangu alipoaga kazini Ijumaa alikuwa hajatamka neno. Sauti ndiyo chombo chake cha kazi, na chombo kisipotumika hushika kutu. Akaiandika kama kazi nyingine yoyote.

Ni kazi aliyoifanya kwa uaminifu wa kutisha. Jumamosi huenda dukani kununua kiberiti, lakini muuzaji akimpa bila kusema kitu, au akisema "chukua" tu, msalaba hauwekwi. Lazima watu wawili wasikilizane. Ikishindikana dukani, hutembea mpaka kwa fundi viatu. Jumapili maduka ya mtaani kwake hufungwa, ndiyo maana akatupigia. Mpwa wake humpigia pia, anapopata nafasi, lakini mwalimu mwenye madarasa mawili na watoto watatu hapati nafasi kila wiki, na Mzee hataki aongezewe nukta.

Nilipiga hesabu ambayo bila shaka nanyi mmeshaipiga. Mtu huyu Jumatatu hadi Ijumaa huongea na mji mzima, na sasa tunamtengenezea keki. Nikamwuliza kama ataendelea kutupigia. Alikataa papo hapo. Alisema amekwishafunga hesabu hiyo. Mstaafu hana kazi na simu za ofisi, na siku akiishika laini kwa habari za mvua, huenda kuna mtu gizani anahitaji mpokeaji. Alikuwa ameshachora mwezi ujao. Kila siku ilikuwa na nukta yake, na mbele ya nukta maneno yale yale, kutoka juu ya ukurasa hadi chini, kama mwanafunzi aliyepewa adhabu ya kuandika.

Nilisema, bila kufikiri sana, kwamba Jumapili nikitoka zamu nitapita kwake.

"Una shida gani?" akauliza.

"Sina shida, Mzee."

"Sasa utakuja kusema nini?"

"Sijui. Mimi mwenyewe naishi chumba kimoja, na wiki hii sijaongea na mtu nje ya kazi hii."

Alifunika kalamu yake. Nilidhani nimemvunjia heshima. Kisha akasema, "Usije kwa kunihurumia. Huruma haina cha kuongea, inakohoa tu."

Nikamwambia kama ni hivyo nitakuja na nguo zangu za kushona, tukikosa la kusema nitashona.

"Haya. Lakini usije mapema," akasema. "Jumapili asubuhi nafua."

Akarudi kunionyesha jinsi ya kuacha nafasi pembeni mwa ukurasa kwa mambo yasiyotarajiwa, kwa sababu, alisema, yako mengi kuliko yanayotarajiwa.

Nimekwenda mara tatu sasa. Nyumba ni nadhifu, viti ni viwili, na kimoja alilazimika kukiondolea magazeti. Mara ya kwanza nilishona sana. Mara ya pili aliniuliza kwa nini nashona vibaya hivyo. Mara ya tatu fundi mkuu alikuwapo, eti alikuwa akipita, ingawa anaishi upande mwingine kabisa wa mji, na walibishana kuhusu nani hasa aliyefika wa kwanza juu ya paa siku ile ya vikaratasi, mpaka sauti ya Mzee ikakauka kwa sababu nyingine kabisa. Sitaki kusema kwamba mambo yamekwisha. Nilipoondoka alinisindikiza mpaka mlangoni, na nilipogeuka kule mbele njiani alikuwa bado amesimama, mlango wazi, hana anachokiangalia. Siku saba za wiki ni nyingi, na sisi tuna zamu.

Ndiyo maana wasifu huu unaomba kitu. Kamati ya sherehe inakusanya zawadi, na Mzee ameomba asipewe saa ya ukutani wala daftari. Anayetaka kumpa kitu chenye maana achague siku moja ya mwezi na aende. Nyumba yake ni ya tatu baada ya tangi la maji, mlango wa kijani. Asipeleke chochote. Apeleke ubishi, umbea wa karakana, swali la lifti lililomshinda.

Mzee wetu, kwa sauti uliyowapa waliokuwa gizani, kwa subira uliyotufundisha bila kutuhubiria, na kwa kutuachia kiti ambacho hakuna atakayekijaza, tunasema asante. Nenda salama. Afya iwe yako, goti likupunguzie, na miaka iliyobaki iwe mirefu na yenye makelele ya watu. Tukibisha hodi, tufungulie tu; usituulize tuna shida gani.