Jaji wa Uskoti katika Basi la Muyinga

Je, umeshamwona mwanamke anayemrudia mume wake huku bado amenuna? Basi huyo ndiye Kulthumu, aliyetoka kwa dada yake mtaani Yoba, mjini Gitega, akapanda basi la Muyinga na jogoo mapajani. Jogoo huyo, alisema bila kuulizwa, si wa mume wake Amissi.

"Nakwenda kumuuliza kama kweli iko na mwanamke mwingine," alimwambia Birindwa, mchuuzi wa vitenge kutoka Kivu, aliyeketi naye.

Birindwa alipenda kesi kuliko chakula. "Mama, mi nilisoma juu ya mzee mumoja wa Uskoti. Kwanza alikuwa mbunge, anaahidi watu kila kitu. Nyuma wakamufanya jaji. Kule kwao hukumu iko tatu: iko na kosa, haiko na kosa, na haijahakikishwa."

"Basi huyo alibaki mbunge tu," Kulthumu akajibu. "Hiyo ya tatu ni ya kutomuudhi mtu."

Jogoo akawika. Birindwa akamtazama kama shahidi aliyenunuliwa.

"Na Amissi? Nani alimuona na huyo mwanamke?"

"Hakuna. Ni maneno ya sokoni."

"Voilà! Haijahakikishwa. Kesi imeisha."

"Haijaisha!"

"Sasa we unataka hukumu gani, mama?"

Basi likasimama Muyinga. Kulthumu akachungulia dirishani. Hakuna aliyekuja kumpokea. Akamkumbatia jogoo.

"Mi sikutaka hukumu," akasema. "Nilitaka aje kule Yoba kwa dada yangu, na wazee wake, aniombe nirudi, kama waume wengine."