Lejna Wjeńkowa, Aliyelitafutia Neno "Mkono" Chimbuko Lake

Mama yetu mpendwa, Lejna Wjeńkowa, alizaliwa tarehe 11 Novemba 1943 kijijini Lipinka, karibu na Budyšin, mtoto wa tatu wa mfuga bata bukini Pětr Krawc na mkewe Hańža. Alianza shule mwaka 1950. Nyumbani walisema Kisorbi, lugha ya Waslavi wachache wa Ujerumani, darasani Kijerumani; akavimudu vyote, akaongeza Kilithuania kwa hiari yake.

Tarehe 14 Mei 1966 alifunga ndoa na Beno Wjeńka, seremala, katika kanisa hili hili, akawa Wjeńkowa, yaani mke wa Wjeńka.

Kwa tasnifu yake ya chuo kikuu alichagua neno moja tu: rǫka, yaani mkono, jinsi inavyokisiwa walivyolitamka mababu wa Waslavi wote kabla hawajatawanyika. Alionyesha kuwa ni ndugu wa ranka ya Kilithuania, na kwamba limetokana na kitenzi cha kukusanya, ambacho Waslavi wenyewe walikipoteza. Mkono ni kile kikusanyacho. Tena lilikuwa na umbo la mkono mmoja, la miwili, na la mitatu au zaidi. Mama aliandika kuwa hilo la miwili lingali hai kwetu. Mwaka 1971 mtahini mmoja alimrudishia tasnifu: "Vijijini limekufa, Bibi. Liko vitabuni tu."

Mama hakubishana. Alirudi Lipinka na kinasa sauti, akamkuta mama mkwe wake, bibi yetu Marka, ananyonyoa bata.

"Mama, ukimaliza utanawa nini?"

"Ruce, hii yangu miwili. Ulitaka ninawe masikio?"

"Na tukinawa wote, mimi na wewe?"

"Hapo ni ruki. Yako miwili, yangu miwili. Kwani huko chuoni kwenu hawanawi?"

Mtahini aliisikiliza kanda mara mbili, akacheka, akatia sahihi. Mama akatunga kamusi mjini Budyšin kwa miaka thelathini na mmoja.

Februari 2019 kiharusi kilimpooza upande wa kulia. Baba akawa mwandishi wake.

"Polepole, mke wangu, mimi nimezoea randa."

"Basi piga randa vizuri, hiyo herufi imepinda."

Kitabu chake cha mwisho walikimaliza Juni 2022. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 3 Oktoba mwaka huo huo, akisubiri chai.

Ameacha mume, Beno. Watoto, Madlena na Měrćin. Na wajukuu wanne, ambao hata wakigombana, hugombana kwa Kisorbi.

Udongo wa Lipinka umpokee kwa upole, na Mungu amlaze pema.