Karoli wa "Tutalala Kabonga"

Ndugu, jamaa na majirani, poleni kwa msiba, na murakoze kwa kuja. Tunayemzika leo, Jumatano tarehe 5 Februari 2025, ni Karoli Nzobonimpa. Aliagiza wasifu wake usipambwe. Yudita, dada yake, ndiye anayewasomea, naye amejitahidi kumtii.

Karoli alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, Tanzania, mtoto wa kwanza wa marehemu Petero na marehemu Agata. Shule ya msingi aliisoma huko huko, na sekondari alisoma Mpanda hadi mwaka 1998. Masomo hayakumkaa sana. Kilichomkaa ni banda la video, hasa zile filamu za bei rahisi za wapenzi wawili walioiba na sasa wanakimbia polisi, nguo zilezile mwanzo mpaka mwisho. Alisema filamu ya namna hiyo hata maskini anaiweza, kwa sababu inataka watu wawili na njia tu.

Familia ilirudi Burundi mwaka 2008 na kukaa Gatete. Karoli alifungua studio karibu na soko la Rumonge, akapiga picha za harusi na ubatizo wa nusu ya watu waliosimama hapa. Tarehe 16 Julai 2011 alimuoa Joanita. Siku hiyo alimnyang'anya mpiga picha kamera mara mbili, ndiyo maana kwenye picha za harusi yao bwana harusi haonekani.

Mwaka 2017 alianza filamu yake, "Tutalala Kabonga". Mwanamume na mwanamke wanamwibia mfanyabiashara wa mawese, wanakimbilia kusini wavuke mpaka pale Kabonga. Mwanamume alikuwa Yazid, mtoto wa mzee Nasser wa duka la vitambaa. Mwanamke alikuwa Dusabe, mwalimu, mtoto pekee wa mama Agnesi. Bastola ilichongwa kwa mti na kupakwa rangi ya viatu. Melkiades, mfanyabiashara wa kweli aliyeigiza kuibiwa, alikataa kuinua mikono kwa kuwa wafanyakazi wake wangemwona. Kamera haikushika sauti, kwa hiyo Karoli alipowaonyesha watu vipande vilivyokuwa tayari, alisimama kando ya picha na kusema maneno ya wote, hata ya Dusabe, na watu walicheka mpaka machozi.

Sehemu inayofuata wengine wameomba tuiruke. Tunawaheshimu, lakini mwenyewe aliagiza isomwe.

Jumamosi tarehe 19 Agosti 2017, mchana, walikuwa ufukwe wa Kigwena, kwenye Ziwa Tanganyika, kupiga mwisho wa filamu: wawili hao wanatoroka kwa mtumbwi, wanazidiwa na mawimbi, wanaomba msaada, hakuna anayekwenda. Mara mbili za kwanza wavuvi waliwakimbilia kwa huruma na kuharibu picha. Basi Karoli alipita kwa kila mvuvi, akamwomba kwamba hata hao wawili wapige kelele namna gani, mtu asiende. Mara ya tatu upepo wa kusini ulikuwa umeamka. Waliita. Wavuvi hawakwenda, kama walivyoombwa, na Karoli akaendelea kupiga. Nasoro, mvuvi wa hapo, ndiye aliyevunja ahadi na kuingia majini, akakuta mtumbwi umepinduka. Yazid alipatikana siku ya pili. Dusabe hajapatikana hadi leo.

Mama Agnesi aliomba kuiona picha hiyo. Karoli alimwambia imeharibika. Aliusema uongo huo miaka saba, akiendelea na harusi za watu, lakini nyumbani hakuvumilia mtoto aite bila kujibiwa. Hata wakicheza tu, alikurupuka.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Mwezi wa Novemba, alipoona hapati nafuu, alimwita mama Agnesi, akafungua kompyuta. Dakika nne, bila sauti. Mama alitazama kinywa cha mwanawe.

"Hapa iko anaita. Anaita nani?"

Karoli akajibu:

"Aliniita mimi, mama. Karoli, Karoli. Siyo jina la kwenye filamu. Nikafikiri amesahau maneno."

Mama Agnesi aliomba picha irudiwe. Kisha akasema: "Pahali pote ulimupa sauti. Na hapa umupe."

Karoli akaita jina lake mwenyewe, kwa sauti ya Dusabe, mpaka picha ikaisha. Hakuna aliyecheka.

Mama Agnesi hakusema amesamehe, nasi hatumsemei. Ila kesho yake alirudi na mchuzi wa ndagala, dagaa wa hapa kwetu, na hakuacha kuja.

Karoli alifariki Jumatatu tarehe 3 Februari, saa nne asubuhi. Tulikuwa uani wote. Aliita mara moja, kwa sauti ndogo ambayo ungeweza kusema umesikia vibaya. Aliyeinuka kwanza na kukimbia alikuwa mama Agnesi. Alimkuta bado yupo, akamshika mkono, akamwambia, "Niko hapa. Nimekusikia."

Ameacha mjane, Joanita. Watoto wawili, Riziki na Aruna. Na dada mmoja. Mzee Nasser, aliyemzika Yazid, amekuja na amesimama nasi. Mama Agnesi, ambaye hana kaburi la mwanawe la kusimama kando yake, ameomba kutupa udongo wa kwanza, na familia imekubali.

Mungu ampumzishe Karoli mahali ambapo anayeita anaitikiwa.