Kompyuta Niliyoogopa Kuifungua

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za tangu Jumamosi iliyopita. Mwenyekiti amekuwa akiniomba nizungumze tangu kikundi chetu kianze, nami nakwepa. Mara nina wageni, mara koo linauma. Koo lilikuwa zima, ndugu zangu. Ilikuwa aibu. Leo nitasema, ila watu wengine sitawataja majina, maana hawakunituma.

Wengi mnanifahamu. Mimi mzaliwa wa Busi, kule Kondoa, nimekaa hapa mtaa wa Kikuyu tangu niolewe. Mume wangu alipofariki nilibaki na mdogo wangu wa kike, anayeuza karanga za kukaanga stendi. Miaka kumi na saba nilikuwa mpiga taipu katika shirika la umma. Yaliyotupata mnayajua, si ndiyo yaliyotukutanisha hapa? Shirika likauzwa, tukaitwa ukumbini, tukasomewa orodha ya wanaopunguzwa. Orodha ile niliipiga mimi kwa mikono yangu, isipokuwa ukurasa wa mwisho. Ule alipewa mwenzangu aupige, na humo ndimo lilimokuwa jina langu.

Nikanunua mashine moja ya taipu katika zile kuukuu walizokuwa wanaziondoa ofisini, nikafungua kibanda. Barua, mitihani ya shule, maombi ya viwanja. Nikaishi. Halafu kompyuta zikaingia mjini, na wateja wakaanza kunichungulia mlangoni na kuuliza, "Mama, huna kompyuta? Chuoni hawapokei tena taipu." Wakaondoka mmoja mmoja. Nikaona nitapunguzwa kazini mara ya pili, tena safari hii katika kibanda changu mwenyewe.

Mtaani kwetu yupo fundi redio, mtu mpole, hana maneno mengi. Alikuwa ameanza kutengeneza kompyuta pia. Nikamweleza shida yangu. Akaniambia, "Dada, tuiunde kompyuta yako wenyewe. Nitakuandikia vipuri, utaviagiza Dar kimoja kimoja. Utakaa hapa na mimi uone kila kitu kinapoingia. Itachukua muda, lakini utaijua."

Nawaambia ukweli, nilimcheka. Nikasema, "Kompyuta ya kuungaunga, fundi? Kama baiskeli?"

Lakini kicheko kile kilikuwa cha woga. Kukaa kwenye kigoda nifundishwe kama mtoto wa darasa la kwanza, mimi niliyekuwa nawasahihishia mameneja barua zao! Sikutaka mtu aone kwamba sijui.

Basi nikaenda duka moja hapa mjini. Kijana wa dukani akanionyesha kompyuta iliyokwisha kuundwa, ya bei nafuu, boksi jeupe linang'aa. "Mama, hii ni ya kuchomeka na kutumia. Huna haja ya kujua kilichomo." Maneno yale yalinipendeza kuliko kompyuta yenyewe. Nyuma palikuwa na stika: ukiibandua, dhamana imekwisha. Nikaibeba hadi kibandani kama bibi harusi.

Ilifanya kazi vizuri, sitaidhulumu. Wateja wakarudi. Akaja pia mwalimu mmoja kutoka Kongwa, mama wa makamo, aliyekuwa anamalizia masomo yake chuoni. Utafiti wake aliuandika kwa mkono, kurasa sitini na kitu. Alikuwa ametembea vijiji vingi akiwauliza wazazi kwa nini mabinti wanaacha shule. Akaniambia, "Dada, nakala ni hii moja tu. Itunze." Nikasema, "Ondoa wasiwasi, mwalimu."

Nikawa nikimaliza kupiga ukurasa, nautupia kwenye kikapu. Nilijiambia, si umeshaingia kwenye mashine? Na mdogo wangu alizoea kuja kuchukua karatasi za kikapu kile akafungie karanga. Sikumkataza. Na kurasa nilizopiga sikuzichapisha, wala sikuziweka kwenye disketi hata moja. Sikujua kama ilinipasa.

Asubuhi moja, kurasa zote nikiwa nimeshazipiga, nikaiwasha, ikatoa mlio kama mtu anayekwaruza sufuria, kisha kioo kikawa cheusi. Nikazima, nikawasha. Bado cheusi.

Hapa ndipo nilipoanguka, ndugu zangu. Si kompyuta ilipokufa. Ni hapa. Siku hiyo karatasi nyingi za mwalimu zilikuwa bado ziko kwa mdogo wangu. Ningemwambia neno moja tu, "Usiziuze." Lakini ningemwambia, angeuliza kwa nini, na angejua. Nikanyamaza. Nikajipa moyo kwamba duka wataiponya na hakuna atakayejua. Nikaipeleka. Yule kijana akauliza kwanza, "Stika hujaibandua?" Nikasema hapana. "Basi iache."

Mwalimu akaja. Nikamwambia, "Bado kidogo, njoo Jumatatu." Jumatatu nikamwambia printa imeisha wino. Wiki ya pili nikafunga kibanda, nikamwomba jirani aseme nimesafiri Kondoa msibani. Nilizua msiba! Nilikuwa ndani, nimekaa sakafuni, namsikia mwalimu anamwambia jirani, "Maskini, mpe pole zangu."

Duka wakaniita mwishoni. "Diski inayotunza kazi zako imekufa, hatuna namna." Nikairudisha kibandani, nikafungua tena.

Siku mbili baadaye mchana, mwalimu aliingia bila hodi. Alikuwa stendi akisubiri basi la Kongwa, akanunua karanga. Alipozimaliza akaikunjua kobe, ile karatasi iliyokunjwa kubebea karanga, kabla ya kuitupa, akaona mwandiko wake. Basi likaondoka, yeye akabaki. Akaniwekea karatasi ile mezani, imelowa mafuta na chumvi.

"Huyu ni mama wa watoto wanne," akasema, akigusa mstari. "Nilikaa naye siku nzima shambani ndipo akakubali kuzungumza. Zingine ziko wapi?"

Nikafungua kinywa nianze tena habari ya msiba. Sikuweza. Nikamweleza yote, mpaka nilivyokuwa nyuma ya mlango siku ile. Hakunipiga. Hakupiga kelele. Alilia tu, kisha akafuta macho na kusema, "Simama twende stendi."

Tulizunguka, mimi na yeye na mdogo wangu, tukiwaomba wauza karanga wenzake watumwagie kobe zao. Watu walitutazama kama wendawazimu, wengine wakanisema, na mdogo wangu ndiye aliyenitetea. Tulipata kurasa ishirini na mbili. Zilizobaki mwalimu aliziandika upya kwa kukumbuka, na vijiji viwili akarudi kwa miguu kuuliza tena. Mimi nikapiga kwenye taipu ile ya zamani, kila siku tangu asubuhi, tukitumaini chuo kitatuhurumia na kuipokea. Hatukuwahi. Chuo kilikuwa kimeshafunga kupokea. Mwalimu alisubiri mwaka mzima, na cheo alichoahidiwa akihitimu akapewa mwingine. Siwezi kulipamba hilo. Ni mimi niliyelifanya.

Baada ya hapo ndipo nilipokwenda kwa fundi. Hakunikumbusha kicheko changu. Alibandua stika, akafungua boksi. Ndugu zangu, kilichokuwa kipya ni boksi tu. Feni imekwama kwa vumbi, diski ni kuukuu, imefutwa tu na kupachikwa. Akasogeza kigoda. "Kaa," akasema. "Hii inaitwaje?" Nikasema sijui. Neno lile "sijui" lilikuwa zito kulitoa kuliko yote niliyowahi kusema.

Kuiunda upya kulituchukua miezi mitano, kipuri kwa kipuri. Siku ya kuiwasha iligoma, nikakaribia kulia. Fundi akasema, "Usinitazame mimi. Tazama ndani." Nikakuta memori haijakaa sawasawa. Nikaikandamiza kwa kidole changu, ikawaka. Kazi yake ya kwanza ilikuwa utafiti wa mwalimu, kwenye disketi mbili na karatasi. Mwalimu alikuja, akahesabu kurasa zote, akasema ahsante, akaenda. Sijui kama amenisamehe, na sikumwuliza.

Namshukuru fundi kwa kigoda chake. Namshukuru mdogo wangu, aliyenitetea mbele ya watu ingawa sikustahili. Namshukuru jirani niliyemfanya mwongo, na bado ananisalimia. Na namshukuru mwalimu, ambaye angeweza kunipeleka polisi, akanipeleka stendi.

Sisemi msinunue iliyokwisha kuundwa. Wapo humu walionunua, na zinafanya kazi hadi leo. Mimi niliinunua ili nisilazimike kuuliza, na hilo ndilo lililonigharimu. Ukishika kazi ya mtu ikaharibika mikononi mwako, mwambie siku ile ile, kabla hujatafuta maneno. Siku ile ya kwanza bado kuna kitu cha kuokoa.

Nimemaliza. Mwenye swali aniulize, na nisipojua nitasema sijui.